Hodi hazikomi, na hesabu lazima zifungwe

Ninaandika hesabu za maduka manne ya Mtaa wa Biashara, na kazi naifanyia nyumbani, Majengo. PAYE, yaani kodi ya mishahara, inatakiwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kufikia tarehe 9; VAT, kodi ya mauzo, kufikia tarehe 20. Hawaulizi kama ulikuwa na wageni.

Kimya hapa hakipatikani, na nimeacha kukitafuta. Muuza kahawa atapita akigonganisha vikombe, tuktuk itapiga honi, jirani atabisha. Kelele zenyewe hazinidhuru sana. Kinachoniharibia kazi ni kurudi mezani nisijue niliishia wapi.

Dawa yangu ni rula na penseli. Rula inakaa chini ya mstari ninaouingiza. Hodi ikija katikati ya tarakimu, siinuki. "Karibu, mama, namaliza mstari huu." Hakuna aliyewahi kununa. Naweka alama ya vema kwenye stakabadhi, kisha naandika kwenye kikaratasi hatua inayofuata, na lazima iwe na kitenzi: "Linganisha stakabadhi 41 na taarifa ya benki." Nikiandika "benki" tu, nikirudi najiuliza benki nini.

Ukiinuka katikati ya namba, 5,400 huingia kama 4,500, na jioni hesabu hazilingani kwa 900. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, anza kutafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Isipogawanyika, chukua nusu yake uitafute vitabuni. Huenda kiasi hicho kimeandikwa upande usio wake, cha kutoka kikawekwa kwenye cha kuingia. Mbinu hizi zinaokoa saa nzima, ila ni afadhali usizihitaji.

Simu ndiyo ngumu, maana wateja hutuma picha za stakabadhi kwa WhatsApp. Ukifungua picha moja, kuna kundi la harusi linakusubiri. Basi picha zote nazishusha kwenye kompyuta kwa mkupuo mmoja kabla ya kuanza, kisha simu inakwenda kabatini jikoni. Naiweka kwenye "Usinisumbue", nikiruhusu watu watatu wa nyumbani na wapigaji wanaorudia: kwenye Android, mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inalia. Mwenye dharura hurudia. Mwenye umbea hutuma meseji.

Nilijaribu vipande vya dakika 25, mtindo wa Francesco Cirillo na saa yake ya jikoni yenye umbo la nyanya. Kwa barua vinafaa. Kwa kulinganisha benki ni vifupi, kengele inalia ndiyo kwanza umeshika uzi. Mimi natumia 45, halafu 10 za kusimama.

Kazi ya tarakimu naifanya saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kabla ya joto. Upepo wa kaskazi ukikaribia kuisha, Februari na Machi, hata feni haisaidii, na ukiielekeza mezani inapeperusha stakabadhi zote. Ielekeze miguuni, na kila rundo ulibane kwa klipu.

Baada ya alasiri watoto wameshatoka shule na madrasa haijaanza. Saa hiyo sigusi namba hata moja. Napanga stakabadhi kwa tarehe, natoboa, natia kwenye faili, na anayetaka kuniita aniite.