Rimoti ya Mjomba

Mjomba alikuwa na rimoti mkononi na machozi mashavuni, nasi wawili tumekaa kwenye zulia tukimtazama kama paka wanaomngoja mchuuzi wa samaki. Hakuna aliyethubutu kumwambia abadilishe chaneli. Ungemwambiaje? Mtu kafiwa.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 26 Juni 2009, Chumbageni, Tanga. Nilikuwa na miaka 17, urefu wa mita 1 na sentimita 95, na mguu wa namba 47 ambao soko zima la Mgandini halikuwa na mtumba wake. Nyumbani Ngamiani, Barabara ya 12, mama alikuwa ameshafumua pindo la suruali yangu ya shule mara tatu. Mara ya nne pindo likawa limekwisha, akaunga kitambaa cha rangi inayokaribia kufanana. Inayokaribia. Mtaani niliitwa Mlingoti, na watoto wa chekechea walikuwa wakinisimamisha kuniuliza kama naiona Pemba.

Mpira wa kikapu sikuuanza kwa mapenzi. Tanga ni mji wa soka. Mtu ni Coastal Union au African Sports, basi. Uwanja wetu ulikuwa sakafu ya saruji nyuma ya shule, nyufa zimeota nyasi, ringi mbili: moja haina wavu, nyingine ina nusu. Kocha alikuwa mwalimu wetu wa jiografia. Aliniona siku moja, nikiwa na miaka 14, nimesimama kwenye foleni kichwa kikielea juu ya wenzangu wote, akaniambia, "Wewe kuanzia leo ni senta." Sikujua senta ni nini. Nilidhani nimepewa cheo, kumbe ni yule mrefu wa kucheza chini ya ringi.

Alhamisi ile jioni, mazoezi yalipokwisha, mwalimu alitukalisha chini akatuambia kwamba usiku huo huo, New York, kijana wa Dar es Salaam aitwaye Hasheem Thabeet anachaguliwa kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Kwamba ataingia halikuwa suala tena. Suala lilikuwa wa ngapi. Jina tulishalisikia, ila kwa namna unavyosikia habari za Mpemba tajiri: unaamini nusu. Mwalimu akatupa nusu ya pili. Futi 7 na inchi 3, yaani mita 2 na sentimita 21. Mpira ameushika akiwa na miaka 15. Akapita Kenya, akaenda kumalizia sekondari Houston, kisha miaka mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako mwaka 2008 na tena 2009 alitangazwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East. Ukipanda kufunga, yeye anapiga bloku.

Miaka 15! Mimi nilianza na 14. Hesabu hiyo niliipiga kimoyomoyo na sikumwambia mtu.

Mwalimu alieleza na utaratibu wenyewe. Timu ni 30, zinachagua kwa zamu, raundi mbili, wachezaji 60. Dhaifu zinatangulizwa, ila nafasi za mwanzo kabisa huchezewa bahati nasibu, maana bila hivyo timu zingefungwa makusudi ili zipate chaguo zuri.

"Na mchezaji, anachagua timu?" rafiki yangu aliuliza. Huyu alikuwa mfupi, mwepesi, ndiye aliyekuwa akinilisha mipira.

"Hachagui."

"Hata kama hawataki?"

"Hata kama."

"Basi hiyo ndoa ya mkeka, mwalimu."

Tulicheka mpaka tukalala chini. Mwalimu naye alicheka, kisha akasema mkeka huo umesukwa kwa dola, si kwa ukindu.

Kwa ukoo wetu, aliyekuwa na dishi ni mjomba, kaka yake mama, baharia mstaafu. Tukamwendea baada ya isha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mmekula?"

Tulikuwa tumekula. Tukala tena. Tulipomaliza wali na samaki wake ndipo tukatoa shida yetu, kwamba tunaomba tukeshe hapo, kuna jambo la mpira saa nane na nusu usiku.

"Mpira gani unachezwa saa nane usiku?"

"Hauchezwi, mjomba. Wanaita majina."

"Wanaita majina." Alitutazama kwa zamu. "Kama matokeo ya darasa la saba?"

"Kama hayo."

Akakubali, kwa sharti kwamba tusimwamshe shangazi. Sisi mke wa mjomba tulimwita shangazi. Najua kuna watakaonisahihisha, lakini ndivyo alivyopenda aitwe.

Tulichosahau kukipigia hesabu ni ujana wa mjomba. Ulikuwa pale pale ukutani, juu ya televisheni: picha aliyopigwa Mombasa mwaka 1984, nywele za kalikiti zinameremeta mafuta, koti jekundu lenye zipu hata mahali pasipo na mfuko. Nilikua naiona picha ile kila Idi na sikuwahi kujiuliza anamwigiza nani.

Saa sita usiku ilikuwa imepita. Los Angeles bado ni mchana. Mjomba alikuwa akisinzia mbele ya chaneli ya habari ya Kimarekani, sauti imepunguzwa, mara akafungua macho kama mtu aliyeitwa. Michael Jackson amekimbizwa hospitali. Akaketi wima, akaongeza sauti, na rimoti ikahamia mkono wa kulia. Kuanzia hapo haikutoka tena. Saa saba uvumi ukawa amefariki. Hakuna anayethibitisha, wanaonyesha helikopta, wanaonyesha watu nje ya geti, wanarudia helikopta. Yapata saa nane na nusu wakathibitisha. Mjomba akavua kofia, akaiweka gotini. Sikuwahi kumwona mzee yule kichwa wazi isipokuwa akitia udhu.

Saa nane na nusu. Saa yetu. Rafiki yangu alinifinya paja.

"Mjomba..."

"Nini?"

"Pole, mjomba."

"Ahsante, mwanangu. Ahsante sana."

Rafiki yangu akanitazama kwa macho ambayo hata leo akiyakumbuka huyarudia, akisema wewe mgosi hukuumbwa kudai haki.

Kilichotuokoa ni kaka yangu. Alikuwa mapokezi kwenye hoteli moja Dar, zamu ya usiku, ana kompyuta na intaneti na wageni wamelala. Nilishamwomba mapema, ikiwa tu umeme wa Tanga utatufanyia mambo yake. Umeme ulikuwepo, msiba ndio ulitufanyia. Yapata saa nane na dakika arobaini na kitu simu yangu ya tochi ikanguruma juu ya sakafu. Meseji moja inalipiwa bei ile ile hata ukijaza herufi zake zote 160, lakini kaka yangu ni mtu wa kubana hata kisicholipiwa: "Wa 2. Memphis."

Nilimpa rafiki yangu simu asome mwenyewe. Nikaona kifua chake kinajaa, nikamziba mdomo kwa kiganja. Huwezi kupiga vigelegele mbele ya mtu aliyevua kofia. Tukainuka taratibu kama wanaokwenda haja, tukafungua mlango wa uani, na mlango ulipofungwa nyuma yetu rafiki yangu akauma ukosi wa fulana yake akalia kwa furaha meno yakiwa kwenye kitambaa. Mimi nilianza kuruka. Palikuwa na mwembe, na lile tawi la chini nililokuwa nikiligusa kwa vidole nililishika kwa kiganja kizima, nikaning'inia, nikashuka, nikaruka tena. Mbwa wa jirani wakaanza. Mjomba akatoka na tochi na panga.

"Yuko wapi?"

"Nani, mjomba?"

"Mwizi."

"Hakuna mwizi. Hashim kachaguliwa. Wa pili."

"Wa pili kati ya wangapi?"

"Sitini."

"Wa kwanza nani?"

"Mmarekani. Anaitwa Blake Griffin."

Alitafakari, panga limeelekea chini. "Huyo yuko kwao. Basi wa kwanza ni wenu." Akatupa mkono mmoja mmoja, kama mtu wa kupokea rambirambi anayetoa hongera, akarudi ndani kwa Michael wake.

Alfajiri tulitembea kwa miguu kurudi Ngamiani. Tulipovuka reli kulikuwa kumeshapambazuka, baiskeli za wauza mikate zinapita, na mimi nimejaa habari kama mtungi. Kwenye kijiwe cha kahawa wazee walikuwa wameshaanza. Redio imewashwa. Michael, Michael, Michael. Alikuwa na miaka mingapi, alikuwa mweusi akawa mweupe, alisilimu hakusilimu. Nikangoja wapumue.

"Hashim Thabit naye kachaguliwa wa pili Marekani," nilisema.

Mzee mmoja akashusha kikombe. "Thabit yupi? Wa Pangani?"

"Wa Dar es Salaam. Mcheza kikapu. Mita mbili na ishirini na moja."

"Aa. Maana Thabit wa Pangani namjua, mfupi."

Wakarudi kwa Michael. Nilikunywa kahawa yangu chungu nimekasirika kweli kweli. Sasa nikikumbuka naona hawakuwa na kosa: Michael waliishi naye miaka thelathini, Hashim nilikuwa nimewaletea asubuhi ile, hata kashata sijamaliza.

Kufikia mchana habari zilikuwa zimeenea. Baada ya sala ya Ijumaa, vijana waliokuwa wakinipita kila siku walinishika bega. "Hashim, vipi?" Hashim. Mlingoti alikufa msikitini. Na saa kumi, nilipofika uwanjani, nilikuta watoto ambao sikuwahi kuwaona wakishika mpira wa mkono, wamejaa sakafu yote, na mpira ni mmoja. Mwalimu, shati limelowa, anajaribu kuwapanga mistari. Kila aliyeulizwa jina alisema Hashim. Kuna mmoja hakufika kiunoni mwangu, kamasi inamtoka, naye Hashim.

"Hashim mkubwa, danki!" akapiga kelele mmoja. Wakaitikia wote.

Nilikuwa sijawahi kudanki. Ringi iko juu mita 3 na sentimita 5. Vidole vilikuwa vinafika, mpira haujawahi. Lakini nilikuwa sijalala, na mwembe wa mjomba ulikuwa bado miguuni. Rafiki yangu akanipa mpira bila kuniuliza. Nikakimbia hatua nne, nikapanda, nikausukuma mpira ndani, na kwa sekunde moja hivi, ambayo siwezi kuiuza kwa bei yoyote, nilikuwa nimeshika chuma kwa mikono miwili na chini watoto wananguruma.

Kisha chuma kikaja nami. Kutu ilikuwa imekula nati zamani, sisi tu hatukujua. Nilitua kwa makalio juu ya saruji, ringi imeshikwa kifuani kama usukani. Uwanja ukanyamaza. Yule mwenye kamasi akauliza, "Ndiyo kabisa?"

Mwalimu hakunigombeza. Aliichukua ringi, akaigeuzageuza, akaenda nayo kwa fundi wa mageti. Ilirudi baada ya miezi mitatu, imechomelewa imara ajabu, ila imeinama kidogo kushoto. Tukajifunza kulenga kulia. Tulipokwenda kucheza ugenini, kwenye ringi zilizonyooka, hatukufunga kitu nusu ya kwanza nzima, na hakuna aliyetuamini tulipoeleza.

Mwaka uliofuata nilimfuata Hashim kwenye kibanda cha intaneti, nusu saa nusu saa. Senta pale Memphis alikuwa Marc Gasol, na hakuwa mtu wa kumwachia mgeni kiti. Hashim alipata dakika 13 kwa mechi, pointi 3.1, riboundi 3.6, yaani mipira iliyokosa ringi akaidaka. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini. Hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Ngamiani waliielewa habari hiyo kwa lugha yao ya soka. "Hashim, umeshushwa daraja!" walinipigia kelele toka vibarazani, na nilikuwa nageuka kama vile mimi ndiye niliyeko kwenye theluji. Februari 2011 akapelekwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City mpaka 2014.

Wapo wanaopenda kukumbusha kwamba usiku ule James Harden aliitwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Ni kweli. Nami huwajibu kwamba mtoto aliyeshika mpira na miaka 15 alicheza mechi 224 za NBA, akaja kucheza Japani na Taiwan umri umeshavuka 30, na kwamba foleni hakuipanga yeye. Ndoa ya mkeka. Unafumaniwa mrefu, unaozeshwa.

Mimi nilicheza mpaka kidato cha sita, goti likakataa, sasa ni karani bandarini. Bado Hashim. Makondakta wa daladala wananiita hivyo wakinihimiza niinamishe kichwa.

Na mjomba kila ifikapo Juni 26 hunipigia. Mwaka jana alipiga asubuhi, sauti imechoka, tukapeana pole na hongera kama kawaida yetu.

"Yule kijana wenu yupo?" aliuliza.

"Yupo, mjomba. Mzima."

"Alhamdulillahi," akasema. "Wangu ndiyo hivyo tena."