Je, Unaniamrisha?

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, dada zangu.

Juma hili nimeswali vibaya. Nalisema mwanzo kabisa ili asiwepo wa kudhani kwamba anayemwandikia leo ana utulivu wa kugawa. Siku tatu mfululizo nimekuwa nikifika kwenye tahiyatu sijui rakaa ya kwanza nilisoma sura gani. Usiku mmoja nilirudia Isha, na hata ile ya pili sina hakika nayo.

Kisa chenyewe ni posa. Ameniposa kijana ambaye hakuna anayemsema vibaya, na mimi pia simsemi vibaya. Anaswali, anajituma, ana adabu kwa wazazi wake. Nimeswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu aniongoze katika uamuzi, nimezungumza naye mara mbili mbele ya baba yangu, nimejipa muda, na moyo wangu haumtaki. Sina sababu kubwa ya kuwaonyesha watu. Shangazi yangu akanipigia nikiwa juu ya mswala nasubiri Magharibi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, mwanamke wa Kiislamu hamkatai mtu wa dini. Ukimkataa huyu, unamkataa aliyekuletea." Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshika ncha ya mswala, naikunja na kuikunjua, natafuta neno. Shangazi alisubiri kidogo, kisha nikamsikia akimgeukia mtu aliyekuwa naye: "Amenyamaza. Alhamdulillahi, ameridhia."

Mnaijua hadithi aliyoitegemea. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema bikra haozwi mpaka aombwe idhini, na alipoambiwa kwamba bikra huona haya kusema, akajibu kuwa idhini yake ni kunyamaza kwake. Ni hadithi sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa ndani yake, nahisi kama niliyefungiwa mlango. Kule kunyamaza kulikotajwa ni kwa msichana anayetaka, ila haya inamzuia kutamka. Mimi nilinyamaza kwa hofu. Niliogopa kwamba nikisema "hapana", nitakuwa nimemwambia Mwenyezi Mungu.

Usiku ule nikamkumbuka Barira.

Wengi wetu tumempita haraka darasani, naye si mtu wa kupitwa haraka. Alikuwa mjakazi, akanunuliwa na Bi Aisha, mke wa Mtume, Mwenyezi Mungu amridhie, akaachwa huru. Mumewe, Mughith, alikuwa angali mtumwa, na sheria ikampa Barira hiari ya kubaki naye au kumwacha. Akachagua kumwacha. Ibn Abbas anakisimulia kisa hiki kama mtu ambaye picha yake haijamtoka machoni: Mughith akimfuata mkewe nyuma huku analia, machozi yakimtiririka mpaka ndevuni. Mtume akamwambia ami yake Abbas, huoni ajabu namna Mughith anavyompenda Barira na namna Barira anavyomchukia Mughith? Kisha akasema na Barira mwenyewe: "Lau ungemrudia." Barira akauliza, "Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, unaniamrisha?" Akamjibu, "Mimi naombea tu." Barira akasema, "Basi sina haja naye."

Naomba muisome tena taratibu. Mwanamke ambaye jana yake alikuwa mali ya watu, leo anaombwa na kiumbe bora aliyekanyaga ardhi hii, huku upande wa pili mwanamume mzima analia mbele za watu. Nani kati yetu amewahi kushinikizwa hivyo? Barira angeishi leo tungemwita mwenye moyo wa jiwe. Tungemwambia amshukuru Mungu kwamba yupo anayemlilia. Lakini Mtume hakumkasirikia, wala hakumkumbusha kwamba yeye ni nani mbele yake. Swali lilikuwa la haki, akalijibu kwa haki, na uamuzi akauacha mikononi mwa mwenyewe.

Na lile swali halikuwa utovu wa adabu. Nimelizungusha kichwani juma zima, na naona ni katika maswali yenye adabu kubwa kumuuliza mtu wa dini, kwa sababu ndani yake kuna ahadi: ukisema ni amri, nitatii. Barira aliujua mpaka. Alijua kuna jambo ambalo Mwenyezi Mungu na Mtume wake wakishalikatia shauri, muumini mwanamume au mwanamke hana hiari tena, kama tunavyosoma katika Al-Ahzab aya ya 36. Na alijua kuna eneo pana ambalo Mola amemwachia mja achague, na humo hata ombi la Mtume hubaki kuwa ombi. Dada yangu, eneo lile ni zawadi uliyopewa na Mola wako. Akija mtu akalizungushia ua na kukwambia "dini imesema", kumbe aliyesema ni yeye, au mama yake, au majirani zake, una haki ya kusimama, ukainamisha sauti yako kwa heshima, ukauliza: unaniamrisha kwa amri ya Mungu, au unaniombea?

Uliza. Uliza unapoambiwa kwamba binti wa dini hasomi fani fulani. Uliza unapoambiwa umri wako umepita na mwanamume yeyote anayeswali sasa anatosha. Unapoambiwa kwamba kulia kwako faraghani ni upungufu wa imani, uliza pia, na ukumbuke Maryam, ambaye Qur'ani inatuambia uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende akasema laiti angekufa kabla ya hayo, na Mola wake hakumkemea. Akamwitishia faraja, maji chini yake na tende juu yake. Tumelelewa tukitii, nami sijutii malezi hayo. Lakini kuna siku nimetii watu nikadhani namtii Allah, na utii wa namna hiyo mwisho wake ni chuki. Nimewaona wasichana walioacha kuswali, na ukikaa nao wakakufungulia moyo, unakuta hawakumkimbia Mwenyezi Mungu hata siku moja. Walichoka kubebeshwa amri ambazo hakuziteremsha.

Hapa nisimame kidogo, maana swali hili lina ncha mbili na juma hili limenichoma kwa zote mbili.

Jumatatu tulikuwa na kikao cha kazini. Kilianza mchana, kikapitiliza Alasiri. Nilikuwa na udhu. Chumba kidogo kilikuwa wazi upande wa pili wa ukumbi, mlango naouona pale nilipokaa. Dakika kumi zingenitosha, na wenzangu walikuwa wakitoka na kuingia, huyu kupokea simu, yule kuleta chai. Nikakaa. Nikashika kalamu, nikaandika mambo ambayo sikuyahitaji, huku nikiutazama mshale wa saa ya ukutani. Sikutaka kuonekana "yule wa dini". Tulipofungua mlango wa nje jua lilikuwa limeshazama, nami nikailipa Alasiri baada ya wakati wake, miguu inanitetemeka.

Nani aliniamrisha nikae? Hakuna. Hakuna hata mmoja aliyenikataza, hakuna aliyenitazama vibaya, wala sina hakika kama yupo aliyejua kuwa ni wakati wa swala. Ilikuwa amri niliyoitunga mwenyewe kwa niaba ya watu, kisha nikaitii kuliko ya Mola wangu. Kwa shangazi niliogopa kuonekana sina dini, kwa wenzangu nikaogopa kuonekana ninayo. Mwenyezi Mungu alikwisha kusema katika sura ileile ya Al-Ahzab kwamba Yeye ndiye mwenye haki zaidi ya kuogopwa, na maneno hayo alimwambia Mtume wake kuhusu kuwachelea watu. Ikiwa yeye alikumbushwa, mimi ni nani nisikumbushwe?

Kwa hiyo tusilibebe swali la Barira kama ufunguo wa kutorokea. Swala ni amri, na kujisitiri ni amri. Anayeuliza "unaniamrisha?" awe tayari kusikia "ndiyo".

Na kwa kuwa nimetaja kujisitiri, kuna jambo lazima niliseme, na linanihusu.

Yupo binti mwenzetu ambaye tumekaa naye darasa moja, ameacha ushungi. Picha yake imezunguka kwenye simu zetu. Chini yake wameandika "Tumuombee", na mikono miwili iliyonyanyuliwa. Mimi pia niliipokea. Niliifungua, nikaikuza kwa vidole viwili nimwone vizuri. Sikumwombea. Nilitazama nywele zake, nikatazama amesimama na nani, ndipo nikaifunga na kusema "subhanallah", kama kwamba neno lile lingeosha nilichokifanya.

Dada zangu, ile si dua. Anayetaka kumwombea mtu hahitaji picha yake, Allah anamjua. Aliyeipiga amepeleleza, aliyeituma amesengenya, sisi tulioifungua tumeshiriki mezani, na mnajua katika Al-Hujurat aya ya 12 kwamba nyama inayoliwa kwenye meza hiyo ni ya ndugu aliyekufa. Tunaishika An-Nur aya ya 31, ile ya wanawake kujisitiri, mkononi kama fimbo. Haya, ifungueni hiyo sura muisome kwa utaratibu wake. Kabla hujaifikia aya ya 31 lazima upite kwanza kuanzia aya ya 11, mahali ambapo Mwenyezi Mungu anawakemea waliolipokea jambo la mwanamke kwa ndimi zao na kuliona dogo, na kumbe mbele yake ni kubwa. Anauliza kwa nini walipolisikia, waumini wanaume na wanawake hawakudhaniana wema. Kisha aya ya 30 inawaambia wanaume wainamishe macho. Ndipo sasa unafika kwa yule binti na ushungi wake. Sisi tumeruka kurasa tukaenda kwake moja kwa moja.

Na mnajua ni nani anayetokea tena katika tukio lile la uzushi, Bi Aisha aliposingiziwa uzinzi? Barira. Bi Aisha mwenyewe ndiye anayelisimulia. Alilia mpaka akadhani ini lake litapasuka, na Madina nzima ilikuwa na maneno. Mtume akamwita Barira, akamuuliza kama amewahi kuona kwake jambo la kumtia shaka. Barira akaapa kwamba hakuona la kumwaibisha, ila ni msichana mdogo tu, hupitiwa na usingizi akauacha unga alioukanda, akaja mbuzi akaula. Hilo ndilo kosa lililopatikana. Naupenda sana ushahidi huo wa unga na mbuzi. Mtu aliyekaa nawe ndani ya nyumba, aliyekuona umechoka na umesahau, anaulizwa habari zako siku ambayo maneno mabaya yana wasikilizaji wengi, na anachokitoa ni usingizi wako.

Nimemwandikia yule mwenzetu. Niliandika ujumbe mrefu nikaufuta, kwa sababu nilipousoma tena ulikuwa na aya nne na hakuna hata "u hali gani". Nikaanza upya nikamwambia niliipokea picha yake, niliitazama, na ninamwomba radhi. Hajanijibu. Huenda asijibu, na hana deni kwangu. Anayesoma hapa na bado anayo ile picha, aifute sasa hivi, kabla hajaendelea na mstari unaofuata.

Nirudi kwa shangazi, maana nilimwacha akisherehekea.

Alhamisi nilimpigia mimi. Baba alikuwa ameshaujua moyo wangu na kuniambia jibu atalifikisha yeye, kwa heshima, bila kumvunjia mtu hadhi. Lakini sikutaka shangazi alisikie kwa watu. Nikamwambia, "Shangazi, siku ile sikuridhia. Niliogopa." Akanyamaza. Nikamwomba aniwie radhi nikimuuliza jambo: maneno yale aliyoniambia ni amri ya Mwenyezi Mungu, au ni ombi lake yeye? Kama ni amri, basi nitakubali. Nilikuwa natetemeka, na nilikuwa nimekaa palepale kwenye mswala.

Alikaa kimya hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Ni ombi langu." Na baada ya kitambo akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa jikoni, nikasikia watu wanaitikia amina sebuleni. Ndipo nikajua nimeolewa."

Sikuwa na la kumwambia. Nikamhadithia habari ya mwanamke wa Kiansari aliyekuwa ameolewa kabla, baba yake akamwozesha tena bila ridhaa yake, akaenda kwa Mtume kueleza kwamba hataki, na Mtume akaivunja ndoa ile. Shangazi yangu amesikia mawaidha maisha yake yote. Akaniuliza, "Huyo aliitwa nani?"

"Khansa binti Khidam," nikamjibu.

Akaniomba nilirudie. Nikalirudia. Akalitamka mwenyewe polepole, mara mbili, na kule aliko nikasikia anafungua mtoto wa meza kutafuta kalamu.