Hamira, sukari na puto

Leo na kidato cha tatu tumefanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Chupa tupu ya soda, maji ya vuguvugu, sukari, hamira, halafu puto kwenye mdomo wa chupa. Povu likapanda, puto likaanza kusimama lenyewe. Darasa zima likasogea mbele!

Seli za hamira zinavunja glukosi bila oksijeni, zinatoa kabonidayoksaidi na alkoholi, na kwa kila molekuli ya glukosi zinapata faida ya ATP 2 tu (ATP ni molekuli inayobeba nishati ndani ya seli). Kwenye seli zetu, oksijeni ikiwepo, mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati) huendeleza kazi hadi ATP 30 hivi kwa glukosi moja (vitabu vingi vya shule bado vinaandika 38).

Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, kuna seli mwilini isiyo na mitokondria?"

Ipo! Seli nyekundu ya damu ikishakomaa. Inabeba oksijeni mwili mzima lakini yenyewe haiitumii kupata nishati. Inaishi kwa ATP 2 zilezile, ila inatoa asidi ya laktiki badala ya alkoholi. Swali kama hilo linanifurahisha wiki nzima.

Kesho tunarudia kwa maji yaliyochemka, tuone kama puto litasimama.