Mdogo Wangu na Mgeni wa Forodhani

Kila ninapomweleza mtu kwamba mdogo wangu ni kiziwi, aghalabu hunijibu kwa furaha kwamba kijana huyo ana bahati, kwa sababu nchi yoyote atakayokwenda atafahamiana na viziwi wenzake. Maneno hayo husemwa kwa nia njema kabisa, lakini si kweli. Shirikisho la Viziwi Duniani linahesabu lugha za alama zaidi ya 300, na kila moja ina msamiati na sarufi yake.

Jioni moja pale Forodhani, karibu na meza za urojo, mdogo wangu alimwona mwanamke wa Kiingereza akizungumza na mumewe kwa mikono, akamwendea mbio. Alitaja jina lake herufi moja moja kwa vidole vya mkono mmoja, kama alivyofundishwa skuli. Yule mgeni akamtazama, kisha akainua mikono yote miwili, akawa anagusa kwa kidole cha mkono wa kulia ncha za vidole vya kushoto: gumba kwa A, cha shahada kwa E, mpaka kidole cha mwisho kwa U. Wote wawili wakasita.

Hawakuachana, lakini. Kwa kuoneshana vitu, kwa nyuso na kwa kuchora hewani, walifahamishana kwamba wageni wale walikuja kwa boti na kwamba bibi yule anaogopa bahari. Viziwi wana ustadi huo kutushinda mbali sisi tunaosikia, na nadhani ndio unaowafanya watu waamini kwamba lugha yao ni moja. Ila kumweleza daktari maradhi kwa njia ile ni jambo jengine kabisa.

Lugha hizi hazifuati lugha za mdomo. Mwingereza na Mmarekani wanasema Kiingereza, lakini viziwi wao hawaelewani kwa wepesi. Lugha ya alama ya Marekani iko karibu zaidi na ya Ufaransa, kwa kuwa skuli ya viziwi iliyofunguliwa Hartford, huko huko Marekani, mwaka 1817 ilianza na mwalimu kiziwi kutoka Paris, Laurent Clerc. Hata sisi na watu wa Mombasa, ambao Kiswahili chetu ni kimoja, viziwi wetu wana Lugha ya Alama ya Tanzania na wao wana ya Kenya, ambayo Katiba yao ya mwaka 2010 imeitaja kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge.

Lugha ya alama huzaliwa pale viziwi wanapokutana. Nchini Nicaragua, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto waliokusanywa katika skuli za Managua, kila mmoja akiwa na alama za kwao tu, walijitungia lugha kamili ambayo walimu wao hawakuwafundisha.

Mdogo wangu naye alikuwa na alama za nyumbani kabla ya kwenda skuli. Kwa "bibi" alikunja jani la tambuu hewani, akalisukuma shavuni, kwa sababu ndivyo alivyomwona bibi yetu kila siku. Skuli alifundishwa alama ya bibi inayojulikana na wenzake, na hiyo ndiyo anayoitumia mjini. Akirudi nyumbani, hukunja tambuu.