Nilivyouzuia mchanga usizame kwenye ute wa guari

Kwenye visima vya mafuta vinavyopasuliwa miamba kwa shinikizo la maji, kama kule Marekani, mchanga ndio unaoushikilia ufa usijifunge. Ukizama mapema, sehemu ya juu ya ufa hujifunga. Ndiyo maana ute mzito unaoubeba mchanga huo huwekewa nyuzi, zijifume wavu wa kuushika. Hapa Dodoma nimelijaribu hilo mezani tu, kwa silinda ya kioo ya lita 1.

Mchanga ni wa korongoni, uliochekechwa zikabaki punje za milimita 0.4 hadi 0.8. Uoshe sana, maana una vipande bapa vinavyometameta, vinavyoshuka polepole na kuharibu kipimo. Ute ni gramu 4 za unga wa guari (mbegu za mmea wa jamii ya kunde) kwa lita ya maji. Nyunyiza kidogokidogo huku maji yakizunguka. Ukimwaga wote kwa mkupuo, utapata madonge makavu ndani. Baada ya nusu saa unavutika kama mlenda. Utumie siku hiyohiyo. Kwa joto la hapa, ukilala unaoza na kuwa majimaji.

Kwenye maji matupu, punje ya milimita 0.6 hushuka sentimita 7 au 8 kwa sekunde. Mnato ukiwa mara 30 ya maji, hushuka karibu sentimita 1. Bado ni mbio.

Kazi ilikuwa kwenye nyuzi. Katani nene haikufaa: uzi ukinenepa mara 10, ujazo uleule unakupa nyuzi pungufu mara 100, na wavu haujifumi. Zile za plastiki za kuchanganyia zege ni nyepesi kuliko maji, zikapanda juu na kuacha mchanga chini. Zilizokubali ni nyuzi za polista za kujazia mito, kutoka Soko la Majengo. Zinakatwa milimita 6, zinaoshwa kwa sabuni kuondoa utelezi, kisha zinalowekwa; kavu hubeba mapovu. (Kisimani mara nyingi hutumika zinazoyeyuka baadaye kwenye maji ya moto ya huko chini. Hizi za mito haziyeyuki.)

Weka gramu 8 za nyuzi kwenye ute, chambua kwa uma, kisha gramu 240 za mchanga. Pindua silinda juu chini mara 10, usitumie blenda, inaviringisha nyuzi.

Usifuate punje moja. Wavu ukishika, mchanga wote hushuka pamoja, ukiacha mstari ulionyooka kati yake na ute mtupu wa juu. Pima mstari huo kila dakika 5. Ukiona michirizi ya mchanga ikikimbilia chini pembeni mwa mabonge, nyuzi hazikuchambuka. Mwaga, anza upya.