Kabati la Gemu: Umeme wa Ukutani na Ethi

Mbao za kabati ninalotengeneza, yaani mashine ya kuchezea gemu, zimekamilika na rangi imekauka, kwa hiyo kazi imehamia kwenye umeme. Sehemu hii nimeipa muda mwingi kuliko nyingine zote, kwa kuwa watakaocheza ni watoto wa mtaa wetu wa Sakina hapa Arusha, na mikono yao itashika chuma wakati wote.

Umeme unaingia nyuma ya kabati kupitia soketi ya pini tatu kama ile ya kompyuta, yenye fyuzi na swichi ndani yake. Waya wa kahawia unapita kwanza kwenye fyuzi, kisha swichi inakata kahawia na bluu kwa pamoja, ndipo zote mbili zinafika kwenye pawa saplai, kifaa kinachoshusha umeme wa ukutani na kutoa volti 5 na volti 12. Vifaa vyote havifiki wati 150, yaani chini ya ampea 0.7 kwa umeme wetu wa volti 230, hivyo kwenye plagi nimetoa fyuzi ya ampea 13 na kuweka ya ampea 3.

Waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja kwenye chuma, wenye rangi ya kijani na njano, nimeuacha mrefu kuliko wenzake ili kebo ikivutwa kwa nguvu uwe wa mwisho kuchomoka. Unafungwa kwenye boliti moja, na hapo yanatoka matawi ya pawa saplai, bamba la vitufe na kimlango cha sarafu. Chini ya kila boliti nimekwangua rangi hadi chuma kikang'aa.

Wapo wanaosema pawa saplai hufanya kazi hata bila ethi, na ni kweli. Lakini bila ethi, kapasita za kichujio chake, yaani vijenzi vidogo vya kuzuia kelele za umeme, hupeleka kwenye ganda la chuma takriban nusu ya volti za ukutani, na mchezaji aliye pekupeku juu ya saruji huhisi mtekenyo.

Hata hivyo, ethi ya kabati haiwezi kuwa bora kuliko ya nyumba. Yetu inategemea fimbo iliyochimbiwa uani, na udongo ukikauka kiangazi ukinzani wake huongezeka. Ukifika omu 100, shoti itapitisha ampea 2.3 tu: fyuzi ya ampea 3 haitakatika, na chuma kitabaki na umeme. Kwa sababu hiyo nimemwomba fundi mwenye leseni aongeze kando ya meini swichi kifaa kinachokata umeme uvujaji unapofika miliampea 30. Hadi kifungwe na kujaribiwa, kabati halitachomekwa ukutani.