Kadi imeisha tarehe, ruhusa haijaisha: waajiri wa Uingereza hebu tuelewane

Naandika hii hasa kwa wenye biashara ndogo huku Uingereza, wenye kampuni za kea (kuhudumia wazee na wagonjwa), za usafi, wenye migahawa, mana makampuni makubwa yana watu wa HR na mawakili lakini we mwenye wafanyakazi wachache ndo unaajiri, unapanga shifti na kulipa mishahara mwenyewe, na hili la viza kuhamia mtandaoni limekukuta katikati ya shughuli zako zote hizo.

Kadi nyingi za BRP, yani zile kadi za ukaazi za wageni, ziliandikwa mwisho 31 Desemba 2024, hata kama mwenye kadi amepewa ruhusa ya kukaa miaka kadhaa mbele, hata kama ana ruhusa ya kudumu kabisa. Tarehe ile ni ya kadi tu. Ruhusa yenyewe iko mtandaoni kwenye mfumo wa Home Office, wizara inayoshughulikia uhamiaji, ndo hiyo eVisa, na kadi mpya hazitolewi tena tangu mwisho wa Oktoba 2024. Sasa kuna watu waliambiwa na mameneja wao wasirudi kazini mpaka walete kadi mpya, kadi ambayo haipo duniani! Mtu ana haki zote za kufanya kazi, anakaa nyumbani hana mshahara, kisa meneja hajui. Hilo linaniuma sana mana ni jambo la kusoma ukurasa mmoja tu likaisha.

Na ujue tangu 6 Aprili 2022 kadi ya BRP haikubaliki kama njia ya kuhakiki haki ya kazi. Kama uliajiri mtu baada ya hapo ukapiga fotokopi kadi yake ukaweka kwenye faili, ile fotokopi haikukingi na chochote. Uliyemhakiki vizuri kwa kadi kabla ya tarehe hiyo hulazimiki kumrudia, we fuata tu tarehe yake ya kuhakikiwa tena kama ruhusa yake ina mwisho.

Utaratibu wenyewe siyo mgumu. Mfanyakazi anaingia kwenye akaunti yake ya UKVI (idara ya viza ya Home Office, ndo ilipo eVisa yake) anatoa sheakodi, yani kodi ya kumruhusu mwingine aone ruhusa yake, ni mchanganyiko wa herufi na namba, jumla 9, ya kazi inaanza na W na inadumu siku 90. Anakupa hiyo pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa. We unafungua ukurasa wa waajiri kwenye GOV.UK, tovuti ya serikali, unaingiza, inatokea picha yake na masharti yake, unalinganisha picha na mtu mwenyewe aliye mbele yako au kwenye simu ya video, unahifadhi ule ukurasa na tarehe uliyohakiki, na unautunza muda wote yuko kwako na miaka 2 baada ya kuondoka. Yote haya kabla hajaanza kazi, siyo wiki ya pili akishazoea.

Wengi wanapokosea ni hapa: mfanyakazi anafungua akaunti kwenye simu yake anamwonyesha bosi, bosi anasema sawa, au anatuma skrinishoti kwa WhatsApp na biashara imeisha. Hiyo haihesabiki hata kidogo, lazima uone mwenyewe kupitia upande wa mwajiri. Na faini siyo mchezo, tangu 13 Februari 2024 ni mpaka pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi asiye na haki kwa kosa la kwanza, ukirudia mpaka 60,000. Zamani ilikuwa 15,000 na 20,000. Kampuni ndogo ikipigwa hiyo inafunga.

Lakini hofu ya faini isikufanye ukawaonea watu, na hapa ndo nataka nikae kidogo. Kuna mtu ruhusa yake imefika mwisho lakini aliomba upya kabla haijaisha, huyo kisheria anaendelea kufanya kazi kwa masharti yaleyale akisubiri jibu. Mwajiri asiyejua anaona tarehe imepita anamsimamisha, saa ingine anamfukuza kabisa. Jamani, usifanye hivyo kabla hujauliza. Mwambie akuonyeshe uthibitisho wa maombi na tarehe aliyotuma, kisha tumia huduma ya Home Office ya kuhakiki kwa waajiri, inaitwa Employer Checking Service, wakithibitisha wanakupa barua inayokukinga kwa miezi 6. Na kwa mfanyakazi uliyenaye tayari, ukiwa na sababu ya kuamini kwamba aliomba kwa wakati, sheria inakupa mpaka siku 28 za kufuatilia hiyo barua. Kwahiyo nafasi ya kumtendea haki ipo, ni kuitumia tu.

Hakiki wote kwa kipimo kimoja, wenye pasi ya Uingereza pia, siyo unaangalia jina au lafudhi ndo unaanza kudai karatasi, hiyo ni ubaguzi na Equality Act ya 2010, sheria ya usawa, inakugusa. Mwenye ruhusa ya kudumu ukishamhakiki mara moja inatosha, usimsumbue kila mwaka. Na wapo wazee wenye muhuri wa zamani wa ukaazi wa kudumu kwenye pasi ambayo bado haijaisha, huo bado unakubalika kwa kuhakiki kwa mkono, yani unakagua pasi yenyewe bila mtandao, usimrudishe mzee wa watu. Wanafunzi nao angalia saa zao, wengi wa digrii ni 20 kwa wiki wakati wa masomo, na uwe na tarehe za muhula kutoka chuoni kwao.

Kuna lingine ambalo waajiri wengi hawalioni. Siyo kila mtu anaiweza hii mitandao. Kuna mama ni hodari kazini kuliko wote lakini akaunti yake ilifunguliwa na mpwa wake, barua pepe ya mpwa, namba ya mpwa, sasa mpwa kahama na kila akijaribu kuingia namba ya kuthibitisha inaenda kwa mtu mwingine. Mpe muda ndani ya saa za kazi, mpe kompyuta na sehemu ya faragha abadilishe iwe namba yake mwenyewe, ila usimwombe nywila na usimshikie akaunti, ile ni mali yake. Wakumbushe pia wote wakipata pasi mpya waiunganishe na akaunti, mana wengine wanakuja kugundua uwanja wa ndege.

Na wafundishe wasimamizi wa shifti, siyo ofisi peke yake, mana ndo wanaomwambia mtu saa moja asubuhi arudi nyumbani. Tarehe za kuisha ruhusa zikae kwenye kalenda ya watu wawili ofisini, asipokuwepo mmoja mwingine anaona, na mfanyakazi ajulishwe miezi mitatu kabla ili apate muda wa kutafuta hela ya maombi na kuyatuma mapema.